Gurudumu la Nyuma Kushoto

Jumamosi, 1 Novemba 1997. Mamba

Daftari hili ni la safari za gari. Mwenyekiti Celestin amenikabidhi leo mbele ya kamati, kalipigia mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, kutoka, kwenda, mzigo, hali ya gari. Kurasa za mbele nitazijaza kwa adabu. Za nyuma nimezigeuza juu chini na ni zangu, maana nina mambo ambayo hayaenei kwenye mistari ya Mwenyekiti.

Kwanza, mimi ni mwoga. Watu hawajui. Wanamwona Telesphor, dereva wa Landrover ya chama cha wakulima wa mpunga, miwani ya jua usoni, mkono mmoja nje ya dirisha, wanadhani anaipenda barabara. Ninaiogopa, hasa kile kipande cha porini kati ya Kibaoni na Sitalike. Nikifika Mpanda hushuka nikajifanya nanyoosha miguu, kumbe inatetemeka.

Pili, mke wangu Josefina ni mjamzito, atajifungua mwezi wa pili. Fausta wetu alizaliwa kwa upasuaji, Mpanda, miaka mitano iliyopita. Daktari alisema wa pili naye azaliwe hukohuko hospitali, Josefina asithubutu kusukuma nyumbani, kovu linaweza kuachia. Na gari hapa Mamba ni moja tu, hili langu.

Leo nimerudi na chumvi na mabati, nikashusha, nikapitiliza mtoni kuliogesha kama kila Jumamosi. Huliingiza kinyumenyume pale kwenye kivuko cha ng'ombe. Kushoto pana shimo, kwa hiyo gurudumu la nyuma kushoto huzama hadi katikati na hutakata kuliko yote. Jumapili linasimama mbele ya kanisa linang'aa. Watu wa hapa humpima dereva kwa gari lake, nami napenda kupimwa.

Jumanne, 4 Novemba

Kuna sauti. Nyuma, kushoto. Inavuma nikikimbia, nikipunguza inanyamaza. Josefina anasema ni masikio yangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Si masikio yangu.

Mtoni nimemkuta Manyanda, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi aliyehamia juzi juzi kutoka Shinyanga. Analalamika sabuni yangu inawafikia ng'ombe wake. Nikamwambia gari la chama haliwezi kwenda kanisani na tope. Akacheka, akasema, "Dereva, gari lako likiingia majini linalia. Linafanya shiii." Nikamwambia hata yeye angelia akitoka Mpanda na gunia kumi mgongoni.

Jumatano, 12 Novemba

Mpanda na kurudi. Sauti imekuwa ya kusaga, kama mawe kwenye kinu. Kule porini nilizima redio ili niisikie vizuri, halafu nikaiwasha ili nisiisikie. Niliwaza gurudumu likichomoka na kunipita, likienda zake mbele yangu barabarani huku mimi nikiliangalia. Wameshaonekana simba kipande kile mwezi huu.

Jumatatu, 17 Novemba

Leo Cyriaque kalifungua. Niandike yote, maana nimejifunza jambo.

Cyriaque ni Mrundi, alikulia kwenye makazi ya wakimbizi Katumba. Alikuja hapa kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga, akabaki. Sina neno naye, ila ni mtu wa kunyamaza sana, na mtu anayenyamaza vile huwezi kujua anawaza nini.

Alipiga jeki, akaweka gogo chini ya ekseli, kwa sababu jeki haiaminiki. Akalishika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, akalisukuma na kulivuta. Tak, tak. Linacheza.

"Shoferi, ingia ndani, kanyaga breki."

Nikakanyaga. Akatikisa tena. Kimya.

"Achia." Tak, tak. "Kanyaga." Kimya.

"Umesikia?" akasema. "Ukikanyaga, breki inashika habu isicheze. Kama ingekuwa springi au bushi imekwisha, ingeendelea kugonga. Ni beringi."

Halafu akalizungusha kwa mkono mmoja, mwingine kauweka juu ya springi, kafumba macho. Akanishika mkono wangu akauweka palepale. Nikausikia msago ukipanda mpaka kwenye kiwiko.

Habu ni kile kitovu cha gurudumu, na ndani yake mna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Alifungua bolti sita, akachomoa shafti, akanyoosha kwa tindo bati la kufuli linalozuia nati zisilegee, akatoa nati mbili kubwa, akavuta habu yote. Vigololi vya beringi vilikuwa vimeliwa na kuwa na vishimo vya kutu. Akavitazama muda mrefu. Akagonga vile vikombe vya zamani ambamo beringi hukaa vikatoka, akagonga vipya, akazipaka beringi mpya grisi kwa kiganja, akiisukuma iingie ndani kabisa.

Kukaza ndiko kulikonishangaza. Alikaza nati huku anazungusha gurudumu mpaka likawa zito. Halafu akairudisha nyuma, moja ya sita ya mzunguko. Nikatikisa. Bado lilicheza, kidogo mno.

"Hujamaliza," nikamwambia.

"Nimemaliza. Liache licheze unene wa karatasi. Likipata moto chuma kinavimba. Usipokiachia nafasi kinajila chenyewe."

Tukaenda kulijaribu hadi Majimoto. Tulipofika akanionyesha kipimo chake. Unaweka kiganja kwenye habu na kusali Salamu Maria moja, taratibu, kama kanisani. Ukifika Amina mkono uko palepale, habu iko salama. Ukishindwa katikati, simama. Nilifika Amina. Nimesali kwa moyo kuliko Jumapili yoyote mwaka huu.

Jumamosi, 22 Novemba

Kimya. Raha. Nimeliogesha.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Redio inaiita El Nino. Wazee wanasema mvua ni mvua.

Jumamosi, 13 Desemba

Mpanda na kurudi. Nimeliogesha ingawa maji yamejaa. Limeng'aa.

Ijumaa, 19 Desemba

Imerudi. Nyuma kushoto, sauti ileile. Mwezi mmoja tu! Nilipoisikia nilitokwa na jasho nikiwa nimelowa mvua.

Jumatatu, 22 Desemba

Mwenyekiti Celestin kaja mwenyewe kusimamia. Cyriaque alipovuta habu grisi ilikuwa nyeupe, laini, kama uji. Akaenda kufungua ya kulia ambayo haina tatizo: grisi ya kahawia, nzima. Akarudi kushoto, akaichukua kidogo kwa kidole, akainusa.

"Maji," akasema. "Yanaingia kwa nguvu. Na ni upande mmoja tu. Shoferi, hili gari linaegeshwa wapi? Linapita kwenye maji gani?"

"Ni mvua tu," nikasema. "Barabara nzima maji."

"Barabara ina maji kulia na kushoto."

Mwenyekiti akadakia. "Wewe bwana, usitupotoshe. Umetufungia beringi bandia, nzuri umeziuza. Mvua inanyesha nchi nzima, mbona magari mengine hayafi?"

Cyriaque akafunga beringi nyingine na sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia maji. Ndizo za mwisho, duka la Mpanda halina tena, na treni ya Tabora haiji kwa sababu reli imesombwa. Akakaza, akarudisha moja ya sita. Mimi nikakaa kimya. Nilifikiri huenda Mwenyekiti ana haki. Nilitaka awe na haki.

Alhamisi, 25 Desemba. Noeli

Nimeelewa, na afadhali nisingeelewa.

Baada ya misa Manyanda alikuja kunisalimu. Si mtu wa kanisani, alikuja kuangalia ngoma. Tukaongea habari za josho la ng'ombe, kwamba wamemalizia kulichimba. Akasema, "Sisi ng'ombe akitoka mbali hatumwingizi joshoni ana joto. Tunamwacha kivulini, apoe kwanza. Wewe gari lako unalitosa tu moto moto. Ndiyo maana linalia shiii."

Nilisimama pale na pilau mkononi. Habu inatoka Mpanda na moto wa safari nzima. Hewa ya ndani imevimba. Ninaizamisha kwenye maji baridi, hewa inanywea ghafla na kuvuta maji ndani, yanapita pembeni mwa sili. Kushoto, kwenye shimo. Kila Jumamosi. Kwa mikono yangu, kwa sabuni yangu.

Sikula ile pilau.

Jumamosi, 27 Desemba

Kamati imekaa. Cyriaque katolewa kwenye kazi ya chama, na Mwenyekiti kasema kibali chake cha kutoka makazini kitaangaliwa vizuri, afadhali arudi Katumba mwenyewe kabla hajarudishwa. Wakaniuliza dereva una la kusema. Nikasema sina.

Nieleze kwa nini, hata kama ni kwa daftari tu. Nikisema, wananinyang'anya ufunguo. Na wakininyang'anya ufunguo, nani atampeleka Josefina? Anaendesha nani hapa? Ndivyo nilivyojiambia. Nikaona pia sura za watu Jumapili mbele ya kanisa, na hiyo nayo ilikuwamo.

Jumatatu, 29 Desemba

Cyriaque kaondoka na lori la mkaa. Alikuja kuniachia spana yake kubwa ya nati za habu. "Utaihitaji," akasema. Nikampokea macho yakiwa chini. Hakuniuliza kitu, na nadhani alijua.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Sijaliogesha. Mwenyekiti kaniuliza mbona chafu. Nimemwambia mvua inaliosha.

Jumatano, 7 Januari

Nimelitikisa asubuhi. Linacheza. Unene wa karatasi, au zaidi? Karatasi ipi? Ya daftari au ya mfuko wa saruji?

Alhamisi, 8 Januari

Nimelitikisa. Linacheza.

Jumamosi, 10 Januari

Tumepanga nimpeleke Josefina tarehe ishirini akakae Mwamkulu kwa dada yangu Generosa, asubirie huko karibu na hospitali. Yeye alitaka amalize kwanza kupandikiza mpunga. Nikamwambia mpunga utapandikizwa na mama yake. Mama mkwe, Mama Marsela, alisikia na hakupenda, akasema atakwenda na mwanawe, mpunga usubiri.

Jumatatu, 19 Januari

Barabara imekatika mbele ya Usevya. Lori limelala kwenye tope katikati. Hakuna anayepita.

Alhamisi, 22 Januari

Mvua. Nimelitikisa.

Jumatatu, 26 Januari

Mvua. Josefina miguu imevimba. Ananiambia, "Baba Fausta, mbona unaliangalia gari kuliko unavyoniangalia mimi?" Sikuweza kumwambia kwamba ni kuangalia kulekule.

Alhamisi, 29 Januari

Lori limevutwa. Tunaondoka Jumamosi asubuhi.

Leo nimefanya jambo. Nililipiga jeki nikalitikisa na likacheza, nikasema hapana, siwezi kumpakia mke wangu juu ya kitu kinachocheza. Nikachomoa shafti, nikatia spana ya Cyriaque, nikakaza nati mpaka ikagoma. Nikatikisa. Kimya kabisa. Kama ukuta. Nitapata usingizi leo, mara ya kwanza tangu Noeli.

Jumapili, 1 Februari. Mpanda, nje ya wodi

Naandika kwenye benchi. Mkono wa kulia una malengelenge, kwa hiyo herufi zitakuwa mbaya.

Juzi Ijumaa uchungu ulianza wenyewe, wiki mbili kabla ya wakati, saa moja asubuhi, Josefina akichota uji wa Fausta. Alinitazama tu. Tuliondoka kabla ya saa mbili. Tulimlaza nyuma kwenye godoro, Mama Marsela kando yake.

Usevya nilisimama, nikaweka kiganja kwenye habu. Nilifika Amina, lakini nilisali haraka. Nilijua nimesali haraka. Kibaoni nilisimama tena, na nilishindwa nusu ya sala. Nikajiambia ni jua. Jua gani? Mawingu yalikuwa yamegusa miti. Nikaingia porini.

Nilikuwa nasikia vitu viwili. Josefina anavyovuta pumzi kupitia meno, na gurudumu likianza kulia wimbo mwembamba. Vyote viwili vilikuwa vinapanda. Mbung'o waliingia dirishani wakaniuma shingoni na sikuwapiga, kwa kuwa niliogopa kutoa mkono kwenye usukani. Halafu nikaanza kunusa grisi ikiungua. Kwenye kioo nikaona moshi.

Nilijua nikiendelea habu itashikana au gurudumu litatoka. Nikisimama, nasimama mahali pa simba na mke mwenye uchungu na kovu. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikojoa kidogo kwenye suruali, niandike tu, daftari ni langu. Nikasimama.

Nilizunguka nyuma. Habu ilikuwa inatoa moshi. Nilinyoosha kiganja kwa mazoea, na sikupata hata neno la kwanza la sala. Ngozi ilibaki palepale.

Mama Marsela alishuka na dumu la maji, keshafungua mfuniko, anainama kuimwagia.

"Usimwage!" nikampigia kelele. "Mama, weka chini!"

Mimi kumfokea mkwe! Kwetu mkwe hata kumtazama usoni ni shida. Alisimama na dumu, mdomo wazi. Ndipo nikaanza kusema na sikuweza kunyamaza. Nikasema ni maji yaliyotufikisha hapa, ni mimi niliyekuwa naliogesha likiwa la moto kila Jumamosi, beringi hazikuwa bandia, Cyriaque hakuiba kitu, nilinyamaza kwenye kamati. Na jana nikakaza nati kwa sababu niliogopa, na sasa inajila yenyewe kwa kuwa sikuiachia nafasi. Niliyasema yote nimepiga magoti kwenye tope, nimeshika mkono wangu uliounguzwa.

Josefina alikuwa anasikia kutoka ndani. Aliinua kichwa akashika ukingo wa gari.

"Mkono wako ndio ulioikaza?"

"Ndiyo."

"Basi mkono wako uilegeze. Lia baadaye."

Nilipiga jeki, nikavua shati nikafunga kiganja. Mama Marsela aligeuka akanipa mgongo kwa heshima, mkwe wake yuko kifua wazi, lakini alivyogeuka alinyoosha mkono nyuma akawa ananipokea bolti moja moja na kuzitia kwenye kanga yake. Bolti sita. Shafti ilitoka ikitoa moshi, nikaiweka juu ya majani. Nikanyoosha bati la kufuli. Nikatia spana kwenye nati ya nje, ikaachia. Ya ndani ikagoma. Niliipigia nyundo kwenye mkono wa spana na kila pigo Josefina alikuwa akiguna kule ndani, mpaka nikawa sijui napiga nini. Vichakani upande wa kushoto kitu kizito kilivunja mti. Sikugeuka.

Ikaachia. Gurudumu lenyewe lilitoa mlio, kama mtu aliyeshusha mzigo. Nikalizungusha, nikakaza mpaka likawa zito, nikarudisha. Moja ya sita. Nikatikisa, tak, kidogo. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuikaza tena. Niliita kwa sauti, "Liache!", na Mama Marsela akadhani namwambia yeye.

Grisi nilipaka ile ya akiba kwa mkono usioungua, nikarudisha nati ya nje, bati, shafti na bolti zote sita. Hatukumwagia maji. Tulisubiri ipoe kwa upepo, mke wangu analia, mimi na kiganja changu kizuri kwenye habu, nasali, nashindwa, naanza upya. Mara ya nne nilifika Amina. Kwa saa ya Mama Marsela tulikuwa tumesimama dakika hamsini.

Tukapita Sitalike bila kusimama. Mpanda tulifika saa saba mchana.

Jumatatu, 2 Februari

Mtoto wa kike, mzima, anapiga kelele kuliko gari. Tumemwita Monika.

Josefina yu hai. Kovu lilikuwa limeanza kuachia na damu ilikataa kukatika, wamelazimika kutoa kizazi. Daktari ni mtu mpole, alinieleza akiwa ameketi. Alisema, "Mngechelewa kidogo zaidi, ningekuwa nakuambia maneno mengine." Nilitaka kumuuliza, na tungewahi dakika hamsini je? Sikuuliza. Nilimshukuru nikatoka nje.

Jumanne, 3 Februari

Nimemwambia Josefina jambo la kizazi. Alikwishaambiwa. Akasema, "Hizo dakika nilizihesabu mimi, usijifanye ni zako peke yako. Nenda kwa yule Mrundi."

Alhamisi, 5 Februari

Katumba. Nilimkuta Cyriaque analima maharage. Niliongea nimesimama kwenye tuta, nikamweleza tangu Jumamosi ya kwanza. Aliendelea kupalilia mpaka nikafika porini. Hapo akaegemea jembe.

"Uliilegeza kiasi gani?"

"Moja ya sita."

"Ukatikisa?"

"Nikatikisa."

"Ikacheza?"

"Kidogo."

"Ukaiacha?"

"Nikaiacha."

Akaniomba mkono akautazama. Ngozi ya kiganja imeanza kukaza.

"Nilijua ni mto, tangu ile grisi," akasema. "Nikakuuliza mbele ya mwenyekiti wako ili uwe na nafasi ya kusema. Mimi Mrundi ningesema, nani angeniamini? Nina watoto hapa, shoferi. Siku ile ulipokaa kimya nilipanga vyombo vyangu kabla kamati haijakaa."

Nilimwambia nisamehe. Akasema hilo tutaliona, kwa kamati uende mwenyewe, na uende ukiwa umesimama.

Jumamosi, 14 Februari. Mamba

Nimesema mbele ya kamati, nimesimama. Mwenyekiti Celestin alikasirika mpaka rula ikadondoka. Mzee mmoja akacheka kwa habari ya sabuni, wenzake wakamfuata, na kicheko kile kiliniuma kuliko hasira ya Mwenyekiti. Ufunguo niliuweka mezani mwenyewe.

Wamekaa ndani muda mrefu. Wakaniita. Cyriaque aandikiwe barua ya kuombwa radhi, na Mwenyekiti aipeleke Katumba kwa mkono wake. Na kuhusu mimi: nitaendesha tena iwapo Cyriaque atakubali kupanda gari ninaloendesha. Hilo ni juu yake, si juu yao.

Kwenye kurasa za mbele, safu ya hali ya gari, nimerudi nyuma hadi Novemba. Palipoandikwa "beringi mbovu" nimekata mstari nikaandika jina langu.

Jumapili, 22 Februari

Mwenyekiti karudi kutoka Katumba. Hakusema walichoongea. Aliniambia tu Cyriaque anakuja wiki ijayo, na kwamba nisiguse kitu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimewaleta nyumbani, Josefina na Monika. Cyriaque alikaa mbele, pembeni yangu, kutoka Mpanda mpaka hapa, na maneno aliyosema hayafiki ishirini. Tulisimama mara tatu. Mara zote alinionyesha habu kwa kidevu, nikashuka mimi, nikaweka kiganja chenye kovu, nikasali. Kovu halisikii moto vizuri, kwa hiyo alinifanya nirudie kwa mkono mwingine.

Gari limeingia Mamba lina tope mpaka kwenye kioo, na mbele ya kanisa watu wamecheka. Manyanda alikuwa akipita na ng'ombe wake, akauliza mbona leo haliendi kuoga. Nikamwambia linapoa kwanza. Likishapoa tutalimwagia ndoo hapahapa.

Kabla ya kuingia ndani nimelipiga jeki. Josefina alikaa kwenye kiti cha mlangoni na mtoto kifuani, ananitazama. Nikashika juu na chini, nikatikisa.

"Limekaza?" akauliza.

"Halijakaza. Linacheza kidogo."

Mikono yangu ilitaka spana. Ninaogopa vilevile kama Novemba, sidanganyi. Spana nilikuwa nimemrudishia Cyriaque asubuhi, alikuwa ameikalia pale kwenye gogo, anakunywa chai, hanitazami.

Nimeshusha jeki. Nimeliacha.